Takwimu Zirudi Kituoni

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Morogoro mbele ya waganga wafawidhi, yaani wasimamizi wa vituo vya afya, wauguzi viongozi na wajumbe wa timu za afya za halmashauri. Wengine walikuwa zamu wakashindwa kufika, nao wameomba niiweke yote. Michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha. Pale ilipohitajika nimeieleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, waganga wakuu wa wilaya, waganga wafawidhi, wauguzi viongozi, wafamasia, wataalamu wa maabara, ndugu zangu nyote, habari za asubuhi.

Naanza na swali, na naomba kila mmoja ajijibu moyoni. Mwezi uliopita kituo chako kilijaza vitabu vya MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Mlijumlisha, mkajaza fomu za mwezi, mkazipeleka wilayani, zikaingizwa kwenye mfumo. Je, kuna uamuzi gani, hata mmoja, uliofanyika kituoni kwako kwa sababu ya namba zile? Kuna zamu iliyopangwa upya? Kuna dawa iliyoagizwa mapema? Kuna mlango uliofunguliwa saa moja kabla?

Naona wengine mnatabasamu na wengine mnatazama chini. Mnaandika sana, ndugu zangu. Muuguzi mmoja zahanati nzima, anapima, anachanja, anazalisha, na jioni bado ana vitabu vya kujaza. Halafu namba zinapanda gari kwenda juu na hazirudi. Hilo linaniuma, nalo ndilo lililonileta hapa. Namba mnazozihesabu nyinyi zirudi kwenu, na nyinyi ndio muwe wa kwanza kuzitumia.

Tukisikia utafiti tunawaza wageni wenye madodoso, semina ya ufunguzi, na ripoti inayotoka baada ya miaka mitatu. Utafiti wa namna hiyo upo na tunauhitaji. Ila upo na mwingine, wa kuuliza kwa nini huduma yetu iko hivi na tukibadilisha jambo fulani itakuwaje. Huo ni kazi ya msimamizi wa huduma kama ilivyo kupanga zamu. Nitawapitisha katika mambo machache, na kila jambo nina kisa chake. Kila jambo lina kisa cha hapa hapa nyumbani Tanzania, ingawa mara moja moja nitachungulia nje.

Cha kwanza kimetokea jirani kabisa na ukumbi huu.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kwamba nchi maskini zingeweza kupunguza vifo vingi kwa dola zipatazo 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha zielekezwe kwenye maradhi yanayoua zaidi. Ni rahisi kusema. Wizara yetu ya Afya, pamoja na IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, ikaamua kulijaribu jambo hilo kwenye wilaya halisi, zenye barabara mbovu halisi na watumishi halisi. Mradi ukaitwa TEHIP. Wilaya zilikuwa mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, na kazi ikaanza mwaka 1997.

Walianzia wapi? Kwenye swali. Watu wetu wanakufa kwa nini, na fedha zetu zinakwenda wapi?

Mtu atasema jibu liko kwenye kitabu cha wodi. Haliko. Walio wengi walikuwa wanafia nyumbani, na aliyefia nyumbani kitabu cha wodi hakimjui. Kwa hiyo wadodosaji walipita kaya kwa kaya, wakarudi tena na tena mwaka hadi mwaka, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea msiba, baada ya siku za maombolezo kupita, mtu aliyefunzwa alikwenda kukaa na wafiwa. Akauliza kwa upole: homa ilianza lini? Alikuwa anakohoa? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Majibu yale yakapitiwa na madaktari, wakatambua chanzo cha kifo kwa kadiri ilivyowezekana.

Halafu wakachora nguzo mbili kando kwa kando. Moja inaonyesha kila ugonjwa unakula miaka mingapi ya uhai wa watu. Ya pili inaonyesha ugonjwa ule ule unapewa fedha kiasi gani. Basi. Diwani yeyote angeielewa bila kufundishwa takwimu.

Na walichokiona Morogoro kiliwashtua. Malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, na kilipewa asilimia 22 ya fedha. Je, waliopanga bajeti ile walikuwa wabaya? Hapana. Walipanga kama mwaka wa nyuma, na mwaka wa nyuma ulipangwa kama wa kabla yake, na miradi ya wafadhili ikavuta fedha upande wake. Hakuna aliyekaa kuziweka nguzo mbili pamoja.

Walipoziweka, mambo yakabadilika. Fedha zikahamia kwenye malaria, kwenye vyandarua vyenye dawa, na kwenye mafunzo ya kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, yaani homa, kikohozi, kuhara, lishe na chanjo kwa mara moja. Nyongeza iliyotumika ilikuwa chini ya dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapo nataka tuwe waaminifu. Wilaya ni mbili, na katika miaka ile mengine mengi yalikuwa yanabadilika nchini. Hakuna anayeweza kuapa kwamba asilimia zote 40 zimetokana na upangaji mpya. Mtafiti mzuri anasema hivyo yeye mwenyewe kabla hajaulizwa. Lakini fedha kuhamia kwenye kinachoua, hilo lilitokea, na lilifanywa na timu za wilaya kama zenu.

Sasa rudini vituoni kwenu. Nani haji? Chukueni kitabu cha kliniki ya wajawazito mhesabu mahudhurio ya kwanza ya mwaka mzima. Kisha chukueni kitabu cha leba mhesabu waliojifungulia kwenu. Tofauti ile ni akina mama wenye majina na vijiji. Wako wapi? Walijifungulia hospitali ya wilaya, kwa mama zao, kwa mkunga wa jadi, au njiani?

Mkishajua ni akina nani, nendeni mkawaulize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila angalieni namna ya kuuliza. Ukimfuata mama ukiwa na sare yako nyeupe, ukamuuliza, "Mama, uliridhika na huduma zetu?" atakujibu nini? Atasema, "Nashukuru, nesi." Watasema hivyo wote, na utaandika asilimia 98 wameridhika, na wodi itabaki tupu vile vile. Mtume mtu asiyemhudumia, ikiwezekana mhudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka kijiji kingine. Aseme, "Mama, nieleze siku uliposhikwa na uchungu, tangu mwanzo." Halafu anyamaze. Atasikia habari ya bodaboda aliyekataa kuvuka mto usiku, habari ya mama mkwe, habari ya beseni, khanga na pamba alizoambiwa aje nazo na hakuwa nazo, habari ya sauti aliyosemeshwa kwenye uzazi wa kwanza. Andikeni maneno yake kama yalivyo. Msiyasafishe.

Jambo la pili nitalipitia haraka zaidi, lakini wakubwa wa wilaya nawaomba masikio yenu.

Watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, walifanya kazi mkoani Arusha kwenye vyumba vya madaktari wa wagonjwa wa nje. Walitaka kupima ubora: daktari anauliza historia? Anampima mgonjwa? Anamweleza alichokiona? Wakakaa chumbani wakiandika, na wakawauliza pia wagonjwa walipotoka, wakiwemo waliohudumiwa kabla watafiti hawajaingia. Matokeo waliyachapisha mwaka 2006. Watafiti walipoingia tu, ubora ulipanda. Daktari akawa anauliza zaidi na kupima zaidi. Kisha ukaanza kushuka, na ilipofika kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15 umerudi pale pale ulipokuwa.

Mnaliona jambo hili? Daktari yule alikuwa anajua. Ujuzi alikuwa nao, maana alipotazamwa aliutumia. Ukimpeleka semina ya siku tano kumfundisha anachokijua, umepoteza fedha na siku tano za wagonjwa wake.

Na usimamizi shirikishi wetu je? Gari la wilaya linaonekana kwa mbali, simu zinapigwa, sakafu inapigwa deki, vitabu vinapangwa mezani. Msimamizi anakaa saa mbili, anajaza orodha yake, anaondoka. Amepima nini? Amepima kituo kikiwa na mgeni. Kaeni hadi mgeni azoeleke. Ulizeni wagonjwa wanapotoka, mbali na dirisha la dawa. Na fungueni vitabu mtazame wino. Ukikuta mwezi mzima wa kitabu cha leba umeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja ulionyooka, zamu ya usiku na ya mchana vile vile, jua kwamba kitabu kile kilijazwa siku moja. Usikimbilie kumgombeza aliyejaza. Muulize kwanza siku ile alikuwa zamu na nani, na alikuwa na wagonjwa wangapi.

Jambo la tatu ndilo refu, na ndilo ninaloliona linatutesa kuliko yote. Tunabadilisha vitu, halafu hatujui kama vimesaidia.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji kwenye hospitali za miji minane. Orodha yenyewe ina vipengele 19. Mgonjwa ni huyu kweli? Upande ni huu? Antibayotiki imetolewa kwa wakati? Tumetajiana majina humu ndani? Kabla hatujatoka, vifaa na pamba zimehesabiwa? Miji ile ilikuwa pamoja na London, Toronto, Seattle na New Delhi. Na mmoja ulikuwa Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Kilombero, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Dunia ikashangilia, na orodha ikasambaa.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili, ambayo haisimuliwi sana. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake ziitumie orodha hiyo. Watafiti wakachukua hospitali 101, wakalinganisha miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada, upasuaji zaidi ya laki mbili. Mwaka 2014 wakatoa jibu. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Na hospitali hizo ziliripoti kwamba orodha inatumika kwa zaidi ya asilimia 90.

Nani mwongo hapo? Hakuna. Kwenye miji minane watu waliijadili orodha, wakaifanyia mazoezi, wakaipa sura ya mahali pao. Kwengineko ilifika kama agizo, na agizo hujazwa. Tiki inaweza kuwekwa na mtu ambaye hajafungua mdomo. Tena vifo vya Ontario tangu mwanzo vilikuwa vichache, na pa kushukia palikuwa padogo. Na utafiti wa miji minane nao ulikuwa wa kabla na baada, usio na hospitali za kulinganishia zilizoendelea bila orodha. Mimi naiunga mkono orodha ile na nataka kila chumba cha upasuaji Tanzania kiitumie. Lakini nataka kila mganga mfawidhi ajue kwamba karatasi iliyojazwa si ushahidi wa mazungumzo yaliyofanyika.

Basi tufanyeje sisi tusio na watakwimu? Tuchore.

Mwaka 1924 Mmarekani Walter Shewhart, aliyekuwa akihangaikia ubora wa vifaa vya simu kiwandani, alichora chati ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida ya kila siku na mabadiliko yenye sababu yake. Mwenzake W. Edwards Deming akayapeleka mawazo hayo Japani baada ya vita. Yakachanganyika na ya Wajapani wenyewe, na hatimaye yakatufikia kwa jina la kaizen, yaani kuboresha kidogo kidogo bila kukoma: mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kazi hiyo kwa msaada wa Japani, na leo kuta zenu zina mabango ya hatua tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nne za kwanza mnaziweza sana. Nawauliza juu ya ya tano. Utajuaje kama umeshikilia, kama hukuchora?

Chukueni jambo moja. Tuseme dakika tangu uamuzi wa kumpasua mama hadi kisu kinapogusa ngozi. Kila mama mpige nukta moja kwenye karatasi ya miraba, kwa mkono, kwa kalamu. Mkifika nukta kama 20, zipangeni namba kuanzia ndogo hadi kubwa, mtafute ya katikati, mchore mstari wake. Nukta zitaruka juu na chini ya mstari huo. Hiyo ni kawaida. Wiki moja mbaya isiwaitishe kikao, na wiki moja nzuri isiwaletee pongezi. Lakini mkiona nukta sita au zaidi mfululizo zimekaa upande mmoja wa mstari, hapo kuna jambo. Andikeni pembeni ya chati: siku hii tulihamisha funguo za chumba cha upasuaji zikae kwa muuguzi wa zamu. Siku hii jenereta liliharibika. Siku hii mtaalamu wa usingizi alikwenda likizo. Chati yenye maelezo ya mkono pembeni inafundisha kuliko ripoti iliyopambwa.

Na foleni? Kila kituo kinalalamikia foleni, na kila kituo kinasema dawa yake ni daktari mwingine. Inawezekana. Ila pimeni kwanza. Mgonjwa akifika mapokezi apewe kikaratasi chenye visanduku vitano: mapokezi, daktari, maabara, kurudi kwa daktari, dirisha la dawa. Kila anapopita, mhudumu aandike saa. Mwisho mlinzi akikusanye getini. Fanyeni siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu Jumatatu ya kliniki si Alhamisi. Halafu mkae pamoja, na mfagizi awepo, mtazame muda unakwama kisanduku kipi. Ikiwa mgonjwa amemwona daktari saa mbili na nusu, damu ikatolewa saa tatu kasorobo, na majibu yakarudi saa sita kwa sababu yanapelekwa yote kwa mpigo mmoja, daktari mwingine atasaidia nini pale? Jaribuni kwa wiki moja tu kupeleka majibu kila baada ya nusu saa. Pimeni tena. Ikishindikana, jaribuni jingine.

Jambo la nne ni fupi. Mwaka 2009 na 2010 kulifanyika jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vilikuwa 129. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe kwenye simu yake akiulizwa kiasi cha dawa za malaria, yaani dawa mseto na kwinini ya sindano, kilichobaki kwenye kabati. Kujibu kulikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Wiki ya kwanza vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26.

Hakukuwa na wilaya za kulinganishia, na hilo ni upungufu. Lakini tazameni namba ilikwenda wapi. Ilikwenda kwa mganga mkuu wa wilaya mwenye uwezo wa kusema, zahanati hii imejaza, ile imeishiwa, chukueni maboksi hapa mpeleke pale. Ilikuwa namba ndogo, ya wiki hii, mkononi mwa mtu anayeweza kufanya kitu. Linganisheni na fomu inayojazwa leo na kujadiliwa baada ya robo mwaka, wakati mtoto mwenye homa ameshapona au ameshazikwa.

Sasa nina maombi mawili, na yote nayaelekeza kwa mnaoshika fedha na mnaoshika barua.

Waganga wakuu na makatibu wa afya, kituo kikichora chati na chati ikaonyesha vibaya, msimwandikie mfawidhi barua ya kujieleza. Nawasihi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumewafundisha watumishi wetu kuficha kwa kuwaadhibu walioonyesha. Anayekuletea namba mbaya na ya kweli amekupa kitu ambacho fedha haiwezi kununua. Mwulize anahitaji nini. Majina ya wagonjwa na ya watumishi yasitokee kwenye chati hata moja. Na pale mnapotaka kwenda mbali zaidi ya kuboresha huduma yenu, mnapotaka kuchapisha au kuwahoji watu majumbani, ombeni kibali cha maadili mapema, NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wapo na taratibu zao zinajulikana.

La pili ni la mpango kabambe wa afya wa halmashauri wa mwaka ujao. Wekeni humo kasma ndogo ya kazi hii: karatasi za miraba, nauli ya mhudumu wa jamii kwenda kuwahoji akina mama, na nusu siku moja ya kila mwezi ambayo kituo kinakaa na namba zake chenyewe kabla hazijapanda gari. Mkikosa fedha kabisa, anzeni na nusu siku hiyo, maana haihitaji kasma. Mfawidhi anahitaji kukubaliwa tu kwamba alasiri ile hatapigiwa simu aende kwenye kikao kingine.

Fomu za kuchagua jambo moja la kupima ziko pale mlangoni kwa dada wa mapokezi. Kila kituo kichukue moja, kijaze kabla ya chakula cha mchana, na mganga mkuu wa wilaya aweke sahihi kwamba ameiona. Asanteni sana. Sasa napokea maswali, na naomba tuanze na wale wa zahanati walioketi nyuma.